Yahoo Fantasy ya mpira wa kikapu: tathmini ya msimamizi wa ligi aliyeko Unguja

Kwa misimu mitatu sasa nimekuwa msimamizi wa ligi ya watu kumi inayochezwa katika Yahoo Fantasy, mchezo wa mtandaoni ambamo kila mtu huunda timu ya wachezaji halisi na kushindana kwa takwimu zao, upande wa mpira wa kikapu, na katika muda huo nimeulizwa mara nyingi na majirani zangu wa Kikwajuni iwapo huduma hii inamfaa mtu anayeishi Zanzibar, ambaye mechi nyingi za NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, humkuta kitandani. Jibu langu ni kwamba inamfaa, na kwamba mtu wa huku anaweza kutwaa ubingwa mbele ya washindani wanaoishi Marekani na Kanada, ila kwa sharti moja: aijue ratiba kabla hajawajua nyota. Tathmini hii nimeiandika kwa kufuata sharti hilo, kwa sababu huduma ya aina hii naipima kwa yale inayomwezesha mtumiaji kuyatengeneza kabla hajalala.

Wengi wetu tumezoea fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza, ambamo mamilioni ya watu wanaweza kuwa na mshambuliaji yule yule kwa wakati mmoja, na kikosi hufungwa mara moja tu kwa kila raundi. Hii ya kikapu ina tabia tofauti kabisa. Ndani ya ligi yenu kila mchezaji ana mwenyewe mmoja. Ukishamchukua Nikola Jokić, wenzako tisa wamemkosa mpaka umwache au umbadilishe na mtu. Kikosi cha kawaida kina wachezaji 13, kumi wa kuanza na watatu wa benchi, na juu yao zipo nafasi za majeruhi. Kila siku yenye mechi unapanga upya, na kila mchezaji hufungwa pale mechi yake inapoanza, si kabla. Katika mfumo tunaocheza sisi unakabiliana na mpinzani mmoja kwa wiki nzima, Jumatatu hadi Jumapili, na mnashindania vipengele tisa: asilimia ya mitupo ya uwanjani, asilimia ya mitupo huru (ile ya baada ya faulo), vikapu vya pointi tatu, pointi, ribaundi (kudaka mpira uliokosa kikapu), asisti (pasi inayozaa kikapu), kuiba mipira, kuzuia mitupo na kupoteza mpira, ambacho ndicho kipengele pekee ambacho mwenye idadi ndogo hushinda. Ikifika hatua ya mtoano, mwenye vipengele vitano anavuka na mwenye vinne anakwenda zake.

Kujiunga ni bure, na sisi hatujawahi kulipa hata senti moja. Nalieleza hili mapema kwa sababu kila ninapoitaja ligi hii mbele ya wazee, swali la kwanza huwa ni kama kuna kamari ndani yake. Mwanzoni tulikubaliana kwamba atakayeshika mkia awanunulie wenzake urojo, lakini mzee mmoja wa barazani, baada ya kutusikiliza kwa utulivu mpaka mwisho, alituambia, "Wanangu, urojo mkiula kwa hiari ni sadaka, mkiula kwa kushindana mwaujua wenyewe." Tangu siku hiyo mshika mkia anapewa kazi ya kupitisha kahawa usiku wa kufunga msimu, na kahawa hiyo tunaichangia sote.

Programu yenyewe ipo kwa simu za Android na za iPhone, na mtu anaweza pia kuitumia kwenye kompyuta, ambako ndiko ninakopendelea kufanya kazi za usimamizi. Lugha ni Kiingereza, hakuna Kiswahili, na vifupisho vyake vya takwimu humchanganya mgeni kwa wiki ya kwanza au mbili, kisha huzoeleka kama namba za basi. Kufuata takwimu hakuli bando kama kutazama video, jambo ambalo kwa bei zetu si dogo. Msimamizi amepewa uhuru mkubwa: anaweza kuongeza au kupunguza vipengele, kupanga idadi ya wachezaji wapya mnaoruhusiwa kuwachukua kwa wiki, kuweka wiki ya fainali anayoitaka na kuamua kama mabadilishano yapigiwe kura na wanaligi au ayaidhinishe mwenyewe. Uhuru huo ndio sababu ya kwanza ya mimi kubaki hapa. Nimeijaribu pia programu nyingine ya fantasi iitwayo Sleeper, ambayo ina mtindo wa kuchagua mechi moja ya kila mchezaji kwa wiki na kuifungia alama zake. Kwa mtu asiyetaka kuamka usiku mtindo ule ni raha tupu, lakini kwangu unaondoa ile kazi ya kupanga kila siku ambayo ndiyo inayonifanya niupende mchezo.

Siku ya kuchagua wachezaji ndiyo inayowatisha wageni kuliko zote, na kwa maoni yangu inaogopwa kupita kiasi. Utaratibu ni wa nyoka: anayechagua wa kwanza katika duru ya kwanza anakuwa wa mwisho katika duru ya pili, kwa hiyo katika ligi ya watu kumi mwenye zamu ya kwanza anasubiri mpaka chaguo la 20, kisha anachagua tena la 21 papo hapo. Saa inahesabu, na ikimalizika kabla hujachagua, mfumo unakuchagulia kwa kufuata orodha. Msimu wangu wa kwanza bando liliniishia katika duru ya nne, na kwa kuwa nilikuwa nimekaa nyumba ya harusi nikijifanya nasikiliza mawaidha, sikuweza kutoka kutafuta vocha. Niliporudi hewani duru tatu zilikuwa zimepita na nikajikuta na masenta wawili, wale warefu wa chini ya kikapu, ambao mmoja wao alikuwa majeruhi. Kosa lilikuwa langu, si la mtu mwingine, kwani huduma inakuruhusu kuandaa orodha yako mwenyewe siku kadhaa kabla, ukapandisha unaowataka na kuwaondoa usiowataka, ili hata mfumo ukikuchagulia uchague kwa akili yako. Tangu hapo orodha yangu huwa tayari wiki nzima kabla, na naifumua tena usiku wa mwisho.

Katika kuchagua, watu wa baraza yetu hupenda majina. Mwalimu mwenzangu wa Wete, ambaye kwa subira na hesabu ananizidi, aliuanza msimu wa 2024–25 kwa kumchukua Victor Wembanyama katika duru ya kwanza, na hakuna aliyemlaumu, kwa sababu kijana yule aliongoza NBA nzima kwa kuzuia mitupo 3.6 kwa mechi katika msimu wake wa kwanza kabisa. Tarehe 20 Februari 2025 ikatangazwa kwamba ana damu iliyoganda katika bega la kulia na kwamba msimu wake umekwisha akiwa amecheza mechi 46. Joel Embiid alicheza mechi 19 tu msimu huo huo. La Wembanyama halikuweza kutabirika na mtu yeyote. La Embiid, ambaye msimu uliotangulia alicheza 39, lilikuwa limeandikwa ukutani kwa herufi kubwa. Mtu anayechagua katika duru tatu za mwanzo anapaswa kuangalia kwanza mechi ngapi mchezaji alicheza katika misimu miwili iliyopita, ndipo aangalie wastani wake, kwa maana wastani wa mtu aliyekaa nje haukusaidii kitu.

Sisi Watanzania tuna mfano wetu wenyewe wa namna thamani ya mchezaji inavyobadilika kulingana na kipengele. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, alichaguliwa na Memphis Grizzlies akiwa wa pili katika uteuzi wa NBA wa 2009, zoezi la timu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry aliyekuwa wa saba, na jambo hilo hutajwa hadi leo kwa kicheko ambacho mimi sikipendi. Katika msimu wake wa kwanza alikuwa na wastani wa pointi 3.1, lakini alizuia mitupo 1.3 kwa mechi ndani ya dakika 13 tu za kucheza. Kwa kocha hiyo ni takwimu ya mtu wa benchi. Kwa mwenye timu ya fantasi ambaye wiki hiyo anahitaji kuzuia mitupo sita na hahitaji kitu kingine chochote, mtu wa namna hiyo akiwa na mechi nne ni dhahabu. Nimeshinda wiki kadhaa kwa wachezaji ambao jina lao hakuna aliyelijua pale barazani.

Sasa nifike katika jambo lenyewe, yaani saa. Kuanzia Novemba mwanzoni hadi Machi tunatofautiana na New York kwa saa nane, kwa hiyo mechi inayoanza kule saa moja usiku inaanza huku saa tisa usiku. Kabla ya hapo, mwezi wa Oktoba, na baada ya Jumapili ya pili ya Machi, Wamarekani husogeza saa zao na tofauti huwa saba, na mechi ile ile inaanza saa nane usiku. Anayesahau badiliko hilo hufungiwa kikosi akiwa bado anakunja mkeka. Isitoshe, mechi wanayoiita wao ya Jumanne usiku kwetu ni ya usiku wa kuamkia Jumatano, na wiki yao inayoishia Jumapili huweza kutuishia sisi Jumatatu asubuhi watu wakiwa njiani kwenda kazini. Msimu wa kwanza mwanaligi mmoja alipoteza wiki nzima kwa kudhani Jumapili imekwisha kwa sababu kwake jogoo wameshawika.

Kwa muda mrefu niliuona mpango huu wa saa kuwa ni dhuluma, hasa kwa kuwa mtoto wa ami yangu anayeishi Toronto hucheza nasi, na yeye hurudi kazini, akala, akafungua simu na kusoma nani anacheza na nani hachezi, wakati sisi tumo ndotoni. Lakini nilipokaa na kalamu nikagundua kwamba dhuluma hiyo ina mianya mingi. Kwa utaratibu wa NBA wa msimu wa 2024–25, kila timu ilitakiwa kutoa taarifa ya majeruhi siku moja kabla ya mechi, ifikapo saa kumi na moja jioni kwa saa za mji wake. Na kama mechi ilikuwa ya pili katika siku mbili mfululizo, taarifa ilitolewa siku ile ile ya mechi ifikapo saa saba mchana. Sasa hesabu mwenyewe: saa saba mchana ya New York wakati wa baridi ni saa tatu usiku Zanzibar. Siku mbili mfululizo ndizo siku ambazo makocha huwapumzisha nyota wao, na habari yake kwa timu za mashariki ilitufikia sisi baada ya sala ya Isha, kahawa ikiwa bado ya moto. Mtu akifungua simu saa tatu na robo alikuwa na nafasi ya kutosha ya kumtoa anayepumzishwa na kumchukua mchezaji huru, yaani asiye na mwenyewe katika ligi yenu, kabla hajalala.

Mwanya wa pili uko alfajiri. Kwa sababu kila mchezaji hufungwa na mechi yake mwenyewe, mechi zinazochezwa pwani ya magharibi ya Marekani, kule Los Angeles, San Francisco, Sacramento na Portland, huanza huku kwetu takriban saa kumi na mbili au kumi na mbili na nusu asubuhi wakati wa baridi. Mtu anayeamka kwa ajili ya alfajiri akasali, akirudi msikitini anakuta mechi nyingi za mashariki zimekwisha au zinaelekea ukingoni, anajua amepungukiwa nini, na bado wachezaji wa mechi za magharibi wako wazi. Hapo ndipo anapoamua: nikihitaji vikapu vya pointi tatu namweka huyu, nikihitaji ribaundi namweka yule. Kwa hiyo katika nafasi mbili za mwisho za kikosi changu, zile ambazo watu hupokezana kila baada ya siku chache, siku zote namtafuta mtu ambaye mechi yake inachezwa magharibi, hata kama timu yake ni ya mashariki iliyosafiri. Ndugu yangu wa Toronto wakati huo kwake ni saa nne usiku na amechoka. Baada ya saa kubadilika mwezi wa Machi mwanya huu hubana, kwani mechi hizo husogea hadi saa kumi na moja alfajiri na kugongana na sala. Lakini katika miaka hii Machi imekuwa ikikutana na Ramadhani, na mwenye kuamka kula daku ameshika simu mkono mmoja na kijiko mkono wa pili. Sipendekezi jambo hilo kwa mwenye mke mkali.

Yahoo hukuonesha kwa kila mchezaji mpinzani na muda wa mechi ya siku hiyo, na ukifungua siku zinazofuata unaweza kuona wiki nzima itakavyokuwa. Hiki ndicho kifaa ninachokithamini kuliko vyote ndani ya programu, na ndicho ambacho wageni hawakifungui. Timu nyingi hucheza mara tatu au nne kwa wiki, nyingine mara mbili. Mchezaji wa kawaida mwenye wastani wa pointi 12 na mechi nne atakupa 48. Nyota mwenye wastani wa pointi 22 na mechi mbili atakupa 44, na ribaundi, asisti na mengineyo hufuata hesabu hiyo hiyo. Lakini hesabu ya mechi nne peke yake nayo hudanganya. Siku kama Jumatano na Ijumaa mechi huwa nyingi mno, kiasi kwamba nafasi zako kumi hujaa na wawili watatu wazuri hukaa benchi bila faida. Siku za mechi chache ndizo zenye nafasi tupu. Mchezaji mwenye mechi tatu, mbili kati yake zikiwa katika siku zilizopwaya, ana faida kwako kuliko mwenye nne ambazo zote zimeangukia siku za msongamano. Kila Jumapili jioni nachora jedwali dogo kwenye daftari la maandalio ya masomo, siku saba kwa majina 13, nikitia alama ya vema kwa kila mechi, na wanafunzi wangu waliowahi kuliona wanadhani ni mahudhurio.

Kuhusu vipengele, kosa linalorudiwa kila mwaka ni kutaka kushinda vyote tisa. Vitano vinatosha. Giannis Antetokounmpo katika msimu wa 2024–25 alipata asilimia 60.1 ya mitupo ya uwanjani na pointi zaidi ya 30 kwa mechi, lakini katika mitupo huru alipata asilimia 61.7, na kwa kuwa alipiga zaidi ya kumi kwa mechi, yeye mmoja aliweza kuizamisha asilimia ya timu nzima. Anayemchukua Giannis kisha akahangaika kutafuta wapigaji hodari wa mitupo huru anajenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine. Aiachie asilimia hiyo moja kwa moja, awakusanye wengine wenye udhaifu huo huo ambao wenzake wanawakimbia, na achukue mengine kwa wingi. Ieleweke lakini kwamba asilimia hupimwa kwa idadi ya mitupo. Dyson Daniels wa Atlanta Hawks, aliyeongoza NBA msimu huo kwa kuiba mipira mitatu kwa mechi, naye hakuwa hodari wa mitupo huru, ila alipiga michache sana hata ikawa haina madhara. Nilikuwa naye, na asilimia yangu ya mitupo huru ilibaki juu mwaka mzima. Namba za makadirio ambazo programu huziweka mbele ya kila mchezaji hazikuambii mambo haya. Zitazameni kama mtu anavyotazama mawingu ya asubuhi, kisha mfanye hesabu zenu.

Mabadilishano ya wachezaji ndipo palipo na starehe kubwa na hasara kubwa. Asubuhi ya Jumapili tarehe 2 Februari 2025, saa mbili na ushei kwa saa zetu, ilitangazwa kwamba Luka Dončić amepelekwa Los Angeles Lakers na Anthony Davis amepelekwa Dallas Mavericks. Nilikuwa Jaws Corner, baraza ya kahawa ya Mji Mkongwe, nikisubiri kikombe cha pili. Jamaa mmoja aliyekuwa na Dončić alisoma ujumbe, akaucheka, akasema akaunti ya mwandishi aliyeitoa habari hiyo imevamiwa, na hakuwa peke yake duniani kudhani hivyo. Mimi niliona nafasi: Davis alikuwa majeruhi, mwenye naye alikuwa na wasiwasi, nikamwandikia siku ile ile. Alikubali, kura za wanaligi zikapita, nikampata. Tarehe 8 Februari alicheza mechi yake ya kwanza Dallas, akapata pointi 26, ribaundi 16 na asisti saba, akazuia mitupo mitatu, kisha akaumia paja katika mechi hiyo hiyo na kutoka. Nilinyamaza siku mbili. Hata hivyo sikumwacha, kwa sababu nafasi ya majeruhi ya Yahoo hukuruhusu kumweka mgonjwa pembeni na kuchukua mtu mwingine badala yake bila kumpoteza, na wengi huitumia nafasi hiyo kwa wachezaji wa hovyo. Davis alirudi uwanjani tarehe 24 Machi, wiki moja kabla ya fainali yetu.

Fainali hiyo niliicheza na huyo mtoto wa ami yangu wa Toronto, na ilianza Jumatatu tarehe 31 Machi, wiki ya Idi el Fitri. Yeye alikuwa na Jokić. Asubuhi ya Jumatano tarehe 2 Aprili, tukiwa bado katika siku za Sikukuu na nyumba imejaa wageni na harufu ya vileja, Jokić aliwafunga Minnesota Timberwolves pointi 61, akachukua ribaundi kumi na asisti kumi, ingawa timu yake ya Denver Nuggets ilifungwa kwa pointi moja, 140 kwa 139, baada ya muda wa nyongeza mara mbili. Simu yangu haikupumzika. "Yakhe, vua viatu uingie ndani, mechi imekwisha," aliniandikia. Nikamjibu kwamba pointi 61 zinashinda kipengele kimoja tu, na kipengele hicho nilikuwa nimeshakitoa mkononi tangu Jumapili nilipochora jedwali langu. Pointi, ribaundi, asisti na asilimia ya uwanjani nilimwachia. Nilikuwa nikiwinda vikapu vya pointi tatu, kuiba, kuzuia, mitupo huru, na kile kinachodharauliwa na watu wote, kupoteza mpira.

Jumapili ya tarehe 6 Aprili mechi kadhaa zilichezwa mchana wa Marekani, maana yake usiku kwetu kabla ya kulala, kwa hiyo kwa mara moja tulikuwa macho sote wawili. Nilikuwa mbele kwa vikapu vya pointi tatu, kwa kuiba, kwa kuzuia na kwa mitupo huru, tena kwa tofauti ambayo wachezaji wawili waliombakia wasingeweza kuifikia. Katika kupoteza mpira nilikuwa na 58 na yeye 61. Mimi nilibakiwa na wachezaji watatu, na kila mmoja wao ni mtu wa kushika sana mpira. Saa mbili usiku, baada ya kuipitia hesabu mara tatu, niliwapeleka wote watatu benchi. Yahoo haikuuliza kwa nini. Iliwapokea kwa mguso mmoja wa kidole, na nikaenda kula.

Tulimaliza vitano kwa vinne. "Fainali hukuicheza," aliniandikia. "Nimeicheza kwa kukaa," nikamjibu, na akakata mawasiliano mpaka Jumatano.

Kwa huduma yenyewe natoa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano nimeizuia kwa ajili ya lugha, kwa sababu kila mwaka kuna kijana mwenye akili ya mchezo na hamu ya kucheza anayerudishwa mlangoni na Kiingereza cha menyu na vifupisho, na mimi siwezi kukaa pembeni yake kila usiku kumfasiria. Kwa anayeanza, ningemshauri asianze na ligi ya watu 12 wala vipengele alivyovibuni mwenyewe. Watu wanane au kumi wanaofahamiana, mpangilio wa kawaida, na msimamizi mmoja asiyeogopa lawama.

Ndugu yangu wa Toronto alileta ombi kwamba kipengele cha kupoteza mpira kiondolewe msimu ujao. Nililipeleka kwa wanaligi, likakataliwa kwa kura sita dhidi ya nne. Uchaguzi wa wachezaji wa Oktoba nimeshaupanga kuwa saa tatu usiku kwa saa zetu, watu wakiwa wameshasali na kula, muda ambao Toronto ni saa nane mchana wa siku ya kazi, na malalamiko yake yamenifikia.